Wati Moja, Mita Moja

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, magoti yamepoa na kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Wifi yako hajambo na anakusalimu sana, amesimama nyuma yangu anasoma kila neno huku akijifanya anafagia. Mimi mwenyewe ni chuma. Nakula, nalala, napanda ngazi na mbao begani, wala usiwasikilize wanaosema nimezeeka. Waliosema hivyo mwaka jana, wengine leo wanashikwa mkono kwenda msalani.

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Wifi yako alitaka kuniandikia nikakataa. Herufi hizi ulinifundisha wewe, pale kwenye meza ya jikoni, nilipoacha shule nikashike randa, ukinigonga vidole kwa mwiko kila nilipoigeuza moja kichwa chini. Basi ni haki yako uzipokee zikiwa zimepinda hivyo hivyo. Tena kwenye simu wewe hunisubiri nimalize. Nikianza tu kueleza unasema haya nimesikia, halafu kimya, kumbe umeshakata. Barua huwezi kuikata katikati. Na nakuomba usirukie mwisho. Isome kama nilivyoiandika, maana mwisho una jambo lake, na jambo lenyewe halieleweki bila haya ya mwanzo.

Ujumbe wako tumeupata, kwamba umestaafu kushona sare za ile shule ya bweni na mwisho wa mwezi unarudi nyumbani moja kwa moja. Tumefurahi mno. Nimemtangazia kila mtu mtaani, hata wasiokujua. Umesema unataka chumba chako kile kile, kitanda chako kile kile, na mtu asikusumbue. Tumesikia. Hilo nitalirudia huko mbele.

Sasa habari yenyewe. Dada, mimi mdogo wako uliyempachika jina la Nusu, nimemaliza kitu. Usicheke. Najua unakumbuka kabati lisilo milango, na kiti cha marehemu baba nilichokitia mkono mmoja wa pili ukabaki mbao, na lile banda lisilo paa ambalo kuku walilitazama wakaenda kulala kwa jirani. Jina lile lilinishika kama gundi. Mpaka juzi watoto wa mtaa walikuwa wananiita Babu Nusu. Leo waulize wananiitaje. Au usiwaulize, nitakuambia mwenyewe nikifika hapo.

Jambo lilianzia kwenye jumba la dansi la zamani, lile lililofungwa. Mwenyewe aliniita nibomoe jukwaa. Chini ya jukwaa nikakuta spika nne za besi, kila moja pana kama karai la kufulia na nzito kama kesi ya mirathi. Akaniambia nizichukue, zinamjazia nafasi. Mbili zilikuwa zimechanika koni, ile karatasi ya mbele inayotikisika, nikaziba kwa karatasi laini na gundi nyepesi, tabaka juu ya tabaka, kwa mikono hii hii unayoisema kuwa ni mizito. Hutaona mahali palipozibwa. Mwenyewe nikitafuta sipaoni.

Utauliza mzee mzima na besi wapi na wapi. Nitakuambia. Mashine ya randa imenila sauti zote nyembamba masikioni. Ndege siwasikii. Kengele ya baiskeli siisikii. Wifi yako akiniita nikafyeke nyasi simsikii, ingawa yeye anadai hilo nafanya makusudi. Lakini besi naipata. Besi haiombi ruhusa ya sikio, inaingia kifuani na kukaa. Niliposhika spika ya kwanza na kuigusisha waya, nikajisemea kwamba hapa ndipo nitakapoonyesha mimi ni nani.

Kwanza nikaifunga juu ya ubao mtupu. Dada, ilikohoa. Spika kubwa vile, sauti kama ya mtu anayenong'ona chooni. Nikakaa nikaitazama siku nzima. Koni ikienda mbele, inasukuma hewa ya mbele na kuivuta ya nyuma. Ikirudi, kinyume chake. Sasa hewa ya nyuma inazunguka ubao, inakutana na ya mbele, na zinauana pale pale. Ndiyo maana spika hutiwa kwenye boksi, kuwafungia hao wawili wasikutane. Na kadiri unavyotaka besi ya chini zaidi, ndivyo boksi linavyotakiwa kuwa kubwa zaidi. Kwa spika nne za aina ile, boksi lake si la kubebwa na mtu. Nilipiga hesabu ya mbao nikaona sitaweza. Kisha nikapata wazo, na wazo lilikuwa zuri sana, na boksi nikalipata. Kubwa kuliko boksi lolote ambalo fundi yeyote wa huku amewahi kulitia spika. Uso wake, ule wenye spika nne, upo ukutani sebuleni. Nimeukata kwa plaiwudi nene tabaka mbili, nimeupiga msasa mpaka unateleza, nimeupaka vanishi. Na umekwisha, dada. Hakuna hata skrubu moja iliyobaki.

Basi akaja Tarakimu. Unamkumbuka, fundi redio wa ng'ambo ya barabara, yule ambaye hata akikupa pole ya msiba anakutajia idadi ya waliohudhuria. Siku hizi anakodisha spika za harusi, na nyuma ya kila spika amepaka rangi namba, tisini na saba. Alisimama mlangoni pa sebule, mikono kiunoni, akasikiliza, akauliza spika zangu ni namba ngapi. Nikamwambia hazina namba, zina sauti. Akacheka mpaka akashika mlango. Akasema mbele za watu kwamba spika isiyo na namba ni kabati, na kwa kuwa mimi ni fundi makabati basi nimerudi kwenye kazi yangu, ila safari hii nisisahau milango. Maneno yale yalifika dukani kabla yangu. Nilipokwenda kununua sukari muuzaji aliniuliza kabati linaendeleaje.

Usiku ule sikupata usingizi. Asubuhi nikamwendea mwalimu wa fizikia, yule mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye niliwahi kumtengenezea meza za maabara. Nikamuuliza hiyo namba inatoka wapi na mimi nitaipataje. Alinieleza vizuri bila kunidharau. Alisema namba ile haipimi ukubwa wa kelele. Inapima spika inafanya kazi kiasi gani kwa chakula kidogo. Kila spika hulishwa wati moja ya umeme, kipimo kinawekwa mita moja mbele yake, kisha unasoma desibeli, yaani vipimo vya sauti. Wati moja, mita moja, kwa kila mtu, tajiri na maskini. Ni kama kuwapa vibarua wote kijiko kimoja cha chakula uone nani atachimba mtaro mrefu. Na desibeli si kama shilingi, alisema. Ukimzidi mwenzako tatu tu, yeye anahitaji umeme mara mbili ili akufikie. Hapo nikamwelewa sawasawa. Nikamwomba aje na kipimo chake, na Tarakimu nikamwita mwenyewe kwa sauti kubwa, ili asiseme hakusikia.

Walikuja Jumamosi, na nusu ya mtaa nyuma yao. Mwalimu akasema tulitoe boksi langu uwanjani, kwa sababu kuta huipigia debe besi, zinaiongezea sauti isiyo yake, na kipimo cha ndani hakina haki. Nikamwambia halitoki. Akauliza je, tukivunja fremu ya mlango. Nikasema hata tukivunja fremu. Akauliza kwani lina ukubwa gani, aandike kwenye karatasi yake. Nikamjibu kwamba hilo ni la mimi na dada yangu. Wifi yako akakohoa jikoni. Mwalimu alinitazama, akautazama ukuta, akaugonga kwa kidole mara mbili, akatabasamu, akafunga kalamu yake. Mwanamke mwenye akili sana yule.

Akatoa uamuzi wake. Kama langu halitoki, basi la Tarakimu liingie. Vyote viwili vipimwe sebule hiyo hiyo, ukuta huo huo, madirisha wazi, ili ukuta ukimpigia debe mmoja umpigie na wa pili. Wanaume wanne wakabeba boksi la Tarakimu, likapita mlangoni kwa ubavu, na yeye nyuma akiwaambia wasimkwaruzie namba.

Wakaanza na langu. Mlio wa chini ukapigwa, ule usiokuwa wimbo, mmm mmm tu. Vumbi likashuka darini. Mara ndani ya boksi kitu kikaanza kulia, trrr, trrr, kama mtu anatikisa changarawe. Tarakimu akadakia, akauliza kama kabati langu lina vijiko ndani. Watu wakaangua kicheko. Nikawatoa wote nje, nikasema ni mambo ya ufundi. Nikafungua spika moja ya chini, nikaingia ninapoingilia, nikakituliza hicho kilichokuwa kinalia, nikatoka, nikakaza tena. Walikuwa wanakunywa chai uani waliponiona nimejaa vumbi mpaka nyusi. Hakuna aliyeuliza.

Tukaendelea. Mwalimu akaweka kipimo mita mbili, si moja. Nikamkatalia. Nikamwambia sheria ni mita moja na mimi siibiwi nyumbani kwangu. Akanieleza taratibu kwamba spika nne ukizisogelea sana kipimo kinasikia mdomo ulio karibu tu, si yote minne. Kwa hiyo anasimama mbali kidogo, kisha anarudisha desibeli sita zilizopotea njiani, na boksi la Tarakimu atalitendea vivyo hivyo. Nilimfanya arudie mara mbili. Kisha nikamruhusu. Mtu akikueleza jambo likaeleweka, unamruhusu, sivyo?

Sasa zamu ya Tarakimu. Akasema yeye mwenyewe atalisha umeme, anajua kipimo, volti mbili nukta nane, ndivyo kitabu kinavyosema. Mshale ukapanda vizuri, tisini na nane, akaanza kupokea pongezi. Mwalimu akauliza spika yake ni omu ngapi, yaani inaukaza umeme kiasi gani. Akajibu nne. Mwalimu akavua miwani. Akasema volti zile ni wati moja kwa spika ya omu nane, kama hizi za mzee zilivyounganishwa. Ya omu nne ukiipa volti zile zile inameza wati mbili. Akamwambia, bwana, miaka yote hii umekuwa ukiilisha spika yako sahani mbili na kuiandikia moja.

Dada, ungekuwepo! Sebule ililipuka. Muuzaji wa dukani alikaa chini sakafuni. Tarakimu akalishwa wati moja ya haki, mshale ukasimama tisini na tano.

Na langu? Tisini na tisa.

Tisini na tisa, dada. Nimwandikie tena wifi yako anayesoma begani: tisini na tisa. Watu wakaanza kupiga makelele kwamba ni mia, mia, mzee amepiga mia. Wifi yako naye akanong'ona kwamba moja tu imebaki, nani atajua, niseme mia. Neno lilinifika ulimini, sikatai. Kwa mtu aliyeitwa Nusu maisha yake yote, mia ni neno tamu. Kisha nikasema kwa sauti kwamba ni tisini na tisa, na anayetaka mia akajenge yake.

Nimpe Tarakimu haki yake. Hakukimbia. Hakujua kosa lake, alikuwa amekariri kanuni ya spika nyingine. Siku hiyo hiyo alichukua brashi, akafuta ile saba kwenye maboksi yake yote, akaandika nne, maana alisema ukuta wangu ulimpa moja ya bure. Kisha akarudi, akakaa sebuleni kwangu mpaka jioni, kiganja ukutani, bila kuhesabu chochote. Alipoondoka alisema lile kabati ni zuri. Sasa yeye na watoto wote wa mtaa wananiita Tisini na Tisa. Nikipita wanapiga saluti.

Hapo ndipo nilitaka uwe umefika kabla sijakuambia lililobaki. Vuta pumzi.

Dada, boksi ni chumba chako.

Usiikunje barua. Ulipoondoka ulifunga mlango wako, ukachukua ufunguo, ukaniambia mbele ya wifi yako kwamba mlango ule nisiufungue. Sikuufungua. Muulize wifi yako. Mpaka leo kitasa hicho hakijaguswa na mkono wangu. Niliingia kwa ukuta. Fundi muashi alinitolea matofali upande wa sebule, akaweka linta juu ili nyumba ya baba isishuke, nami nikaweka uso wa spika pale. Dirisha lako nimelikaza kwa ubao kutoka ndani. Ukuta mnene, mlango mzito nilioutengeneza mwenyewe ujanani, na huo mlango niliumaliza, hujawahi kunihesabia, hakuna hewa inayopita. Mafundi wa spika wangelia wakipata boksi kama hilo. Tena ni boksi pekee ninalolijua lenye kitanda na cherehani.

Vitu vyako ni salama. Niliviona kwa tochi tu. Kitanda nimekivika mashuka mawili. Springi zilikuwa zinaimba nikazifunga vitambaa moja moja. Godoro limesaidia sana, linameza mwangwi. Cherehani nimeitia mafuta kwa sababu ilikuwa inaomba. Kupitia tundu la spika si rahisi kwa mwili huu, na siku ya kwanza nilikwama kiunoni, nusu chumbani kwako nusu sebuleni, na wifi yako badala ya kusukuma akakaa chini kucheka. Haya yote nimekuambia ili ujue sikukichukulia chumba chako kama stoo.

Ulipotuma ujumbe kwamba unarudi, wifi yako na muashi walinikalisha kitako. Muashi alisema ni kazi ya siku moja. Atarudisha matofali, atapiga lipu na rangi, utafika na hutajua kamwe. Matofali yameshapangwa nje chini ya dirisha lako. Nikakataa. Wifi yako akasema ni kiburi. Kidogo, ndiyo. Lakini si hicho tu. Kwanza, kukuficha ningeweza, ila ningekuwa nakula na wewe meza moja kila siku huku kinywa kimejaa. Pili, wote waliosikia hiki kitu ni watu waliolikuta jina la Nusu midomoni mwa wengine. Wewe ndiye uliyenipa hilo jina. Hukunipa kwa ubaya, ulikuwa umechoka kutundika nguo zako kwenye kabati lisilo milango. Nataka wewe ndiye uje uone kimekwisha.

Basi ninaomba hivi. Utakapofika, usiende chumbani kwanza. Kaa sebuleni kwenye kiti cha baba. Mkono wake wa pili nimeutia wiki iliyopita. Weka mguu sakafuni bila kiatu. Nitapiga wimbo wowote unaoutaka, hata zile nyimbo zako za kupiga pasi. Usikilize mpaka mwisho. Kisha inuka na ufunguo wako, uende ukumbini ukafungue mlango wako mwenyewe. Ukiufungua tu, hewa ya nyuma itatoka, itazunguka ije sebuleni, itakutana na ya mbele, na sauti itakufa mikononi mwako. Nitakuwa nimesimama pale nikiisikia ikifa, na sitasema neno. Nitatoka nimwite muashi. Chumba ni chako, kitanda ni chako, na mtu hatakusumbua.

Ukitaka kuufunga tena huo mlango hata kwa dakika chache, siku moja moja, sauti itafufuka, nami nitajua nisimwite muashi. Lakini hilo siliombi. Mimi si mtu wa kuomba, unanijua.

Wifi yako anasema maji ya kuoga utayakuta tayari na kwamba nimeandika mno. Msalimie dereva atakayekuleta, umwambie asipite njia ya chini, ina mashimo. Majirani wote wanakusalimu. Tarakimu anakusalimu na anauliza utafika na mizigo mingapi. Njoo salama, dada, polepole na magoti yako.

Ni mimi mdogo wako,
Tisini na Tisa
(kwako bado Nusu, mpaka utakapokaa kwenye kile kiti)

Nimesahau. Kile kilichokuwa kinalia trrr mbele ya watu kilikuwa kopo lako la vifungo, lile la juu ya kasha. Sikulifungua. Nimelivika soksi yangu safi nikalilaza kwenye mto wako.